Disketi Namba Tatu na Ukarimu wa Mwalimu Placidia

Tarehe 30 Juni 1999 Mwalimu Placidia Rweyemamu anastaafu, baada ya kuitumikia elimu ya wilaya yetu ya Karagwe kwa miaka ishirini na mmoja. Sisi tuliomzoea tunajua kesho yake saa kumi na mbili asubuhi atakuwa ameshavaa viatu, ndipo akumbuke kwamba hana pa kwenda. Tumemshauri mumewe avifiche.

Alianza kazi Julai 1978 huko Kibingo, upande wa Kyerwa, akakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto tisini na wanne na ubao uliopasuka katikati. Vifaa vya kuhesabia havikuwapo, kwa hiyo akawapa buni zilizokaushwa. Watoto wa kwetu wanajua kutafuna kahawa kabla ya kujua kusoma. Kumi kutoa tatu ikawa inaleta nne, siku nyingine mbili, na siku moja haikuleta kitu kabisa. Akahamia kwenye vijiti, na matokeo ya hesabu yakapanda wiki hiyohiyo.

Mwaka 1989 aliletwa Kayanga kuongoza Kituo cha Walimu. Hapo ndipo alipopata umaarufu wa kukataa neno "haiwezekani", jambo lililotuchosha wengi na kuwafaa wanafunzi wote.

Mwaka 1996 wafadhili wa ng'ambo walituletea kompyuta moja iliyokwisha kutumika, jenereta, na disketi tano za programu ya kufundishia hesabu, ya bure. Neno "bure" liliwatia walimu wasiwasi kuliko kompyuta yenyewe. Mmoja aliuliza mara tatu ni nani atakayekuja kuidai baadaye. Mwalimu Placidia alijibu kwa upole mara mbili, na mara ya tatu akamnyamazisha kwa chai.

Lakini kulikuwa na sharti. Tarehe 15 Novemba wageni wangekuja pamoja na Afisa Elimu. Wasipokuta walimu wakiitumia programu hiyo, kompyuta ingehamishiwa wilaya nyingine.

Ndipo Mwalimu Placidia akafanya kosa ambalo angelifanya yeyote aliyelelewa huku. Shule zilizochaguliwa zilikuwa tano, na disketi zilikuwa tano. Kwetu, kitu kikija kwa watu watano hakilali kwa mmoja. Akagawa disketi moja kwa kila shule. Walimu wakuu wakatia saini, wakashukuru, kila mmoja akaondoka na yake, akiahidi kuja nayo siku ya zamu yake ya mafunzo. Barua iliyokuja na disketi, kurasa tatu za Kiingereza, ikaingia kwenye faili.

Kibingo walifika kwanza na disketi namba moja. Kompyuta ikaipokea, ikaunguruma kidogo, kisha ikaomba namba mbili. Namba mbili ilikuwa Nyakahanga. Mwalimu Placidia akaketi polepole. Alikuwa ameelewa kwamba programu ni moja, imekatwa vipande vitano, na yeye ameitawanya wilaya nzima zikiwa zimebaki siku tisa tu.

Alipanda baiskeli siku hiyohiyo. Kwa siku nne alizunguka, na disketi nne zikapatikana zikiwa salama. Namba tatu ndiyo iliyomvunja moyo. Mwalimu mkuu aliyeichukua aliipeleka nyumbani, akaifunga kwa majani makavu ya migomba na kuiweka kwenye kichanja juu ya mafiga, pale tunapohifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Hakuna mahali panapoaminika zaidi katika nyumba zetu. Joto lilikuwa limeikunja kama kipande cha ngozi.

Akaipeleka kwa Celestin, karani wa mradi mmoja wa kahawa, mtu pekee tuliyemjua mwenye kompyuta, na ndiye aliyetupokelea mzigo ule ulipofika. Celestin aliitazama, akasema haitengenezeki. Kisha akainuka, akafunga mlango, akakiri kwa sauti ya chini kwamba siku ile disketi zilipopita mikononi mwake alitamani watoto wake wajifunze, akanakili zote tano. Akaomba asishtakiwe kwa wizi.

Mwalimu Placidia alikaa juu ya gunia la kahawa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Walipoitoa ile barua kwenye faili na kuisoma mpaka mwisho, walikuta imeandikwa wazi: disketi zitumike pamoja, na yeyote anayezipata anaruhusiwa kuzinakili na kumpa mwenzake. Celestin alisema tangu siku aliyozinakili hakuwa amepumua vizuri namna hiyo.

Tarehe 15 Novemba Mwalimu Anonciata Kantengwa wa Kibingo alifundisha darasa la nne mbele ya wageni. Kila jibu sahihi lilipigiwa muziki, na Afisa Elimu akajikuta anatikisa kichwa. Kompyuta ikabaki. Leo tunazo saba, na kila moja ina nakala iliyotoka kwa Celestin.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika taarifa yoyote. Baada ya wageni kuondoka, Afisa Elimu alitaka maelezo ya maandishi kuhusu disketi iliyoungua, pamoja na jina la mwalimu mkuu aliyehusika. Miaka ile watu walivuliwa ukuu wa shule kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwalimu Placidia alimwita mwalimu mkuu huyo ofisini, akampa karatasi na kalamu, akamwambia, "Andika kwamba mgawaji alikosea. Mgawaji ni mimi." Onyo likaingia kwenye jalada la Mwalimu Placidia, na kupandishwa kwake cheo kukachelewa mwaka mzima. Mwaka uliofuata akaomba mwalimu mkuu huyo ahamishiwe Kituoni awe msaidizi wake.

Aliyeshika kalamu ile ni mimi. Kichanja ni cha jiko langu. Zaidi ya miaka miwili nimekaa meza moja na mama huyu, na hajawahi kunikumbusha hata kwa utani.

Asante, Mwalimu. Leo nimelitaja mwenyewe mbele ya wote, na mzigo umenitoka. Nenda ukapumzike, miaka yako ijayo iwe myepesi na yenye afya. Jina lako tutalisafisha sisi.

Evaristi Mbonimpa
Kituo cha Walimu, Kayanga