Bi. Aune Niskala, Mkandaji Anayeuliza Kwanza

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Bi. Aune Niskala atakunja shuka lake la mwisho katika Kliniki ya Ukandaji ya Kallio, hapa Thunder Bay, Kanada, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja.

Alianza ujanani katika sauna ya wazazi wake, yaani nyumba ya kuogea kwa mvuke, akiwakanda wakata miti waliorudi na migongo iliyokakamaa. Baadaye akasomea taaluma hiyo, akapata leseni, na alipojiunga nasi akatuwekea utaratibu tunaoufuata hadi leo. Mteja huketi kwanza na nguo zake zote, akaulizwa kuhusu maradhi, dawa na maumivu. Kisha huachwa peke yake avue kiasi anachoridhia, alale na kujifunika shuka. Bi. Aune hugonga mlango na kusubiri aitikiwe. Hufunua sehemu anayoikanda tu. Na mteja akiumia, sharti aseme.

Sharti hilo ndilo gumu kwetu Wafini, wenye asili ya Ufini, ambao kwetu kunyamaza ni adabu. Bwana mmoja aling'ang'ania ukingo wa meza, kimya, hadi ngozi iliyoifunika meza ikachanika.

"Meza imesema kabla yako," Bi. Aune alimwambia.

Aliyetudhihirishia uzito wa maswali yale ni Bw. Urho Pelto, dereva wa lori la magogo. Alifika baada ya safari ndefu, akitaka akandwe mguu. Kila alipoulizwa, alijibu, "Sina tatizo." Bi. Aune akaomba auone. Ulikuwa umevimba, na ulikuwa na joto zaidi kuliko mwenzake.

"Leo sikugusi, Urho. Twende hospitali, sasa hivi."

"Mama wee! Nimekuja kukandwa, si kuhojiwa kama mwizi!"

"Panda gari. Utanitukana njiani."

Alimtukana njia nzima. Hospitalini ikabainika kwamba damu ilikuwa imeganda mshipani. Kuukanda mguu ule kungeweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu na kumuua. Siku hizi Bw. Urho hujibu maswali yetu kwa kirefu mno, hata inatubidi kumkatiza ili apande mezani.

Wakandaji wote wa kliniki hii wamepitia mikononi mwa Bi. Aune. Hata hivyo, tangu mwaka jana tumekuwa tukimwona akijibinya vifundo vya mikono nyuma ya pazia. Tukimuuliza, hujibu, "Sina tatizo." Na katika miaka yote hiyo hajawahi kulala kwenye meza zetu.

Kwa hiyo, siku ya Ijumaa, baada ya kahawa na mkate wa iliki, meza ya chumba cha pili itakuwa yake, na shuka safi juu yake. Bw. Urho ameomba heshima ya kumuuliza maswali, na ameapa kutokubali jibu fupi.

Bi. Aune, tunakushukuru kwa mikono yako, na zaidi kwa masikio yako. Pumzika kwa raha na afya. Tutagonga mlango na kusubiri uitikie. Nawe, panapouma, useme.