Gurudumu Alilopewa Jogoo

Benchi la nje ya karakana ya Fundi lilichongwa likaliwe na watu wawili, lakini kila asubuhi hukaliwa na watatu, na wala hawajawahi kulalamika. Upande wa mlango hukaa Dereva, anayeendesha gari la timu ya baiskeli ya jezi nyekundu. Katikati hukaa Karani, mstaafu wa ofisi aliyetumika miaka thelathini na moja na ambaye mpaka leo hutembea na kalamu mbili mfukoni. Ncha ya mwisho ni ya Kinyozi, mwenye duka la mlango wa pili, ambaye hafungui mpaka birika la kahawa liishe, hata kama wateja wamejipanga na nywele zao. Fundi mwenyewe hakai. Yeye husimama mlangoni, mikono imejaa grisi, anasikia kila kitu na wenzake wanadhani hasikii.

Asubuhi hiyo Fundi alitamani kweli asisikie. Mbele yake, kwenye stendi, ilining'inia baiskeli nyekundu iliyokuwa ya Jogoo. Kocha alikuwa amesema atapita saa nne kamili, na aikute imepimwa na kukazwa kwa ajili ya kiongozi mpya wa timu. Kiongozi mpya ni nani, Kocha hakusema. Alisema tu kwamba Fundi anawajua vijana kuliko mtu yeyote, akakata simu.

Jogoo alikuwa nyota wa timu kwa miaka sita. Miezi minne iliyopita alihamia kwa wapinzani, wale wa jezi za kijani, akaacha nyuma waendeshaji saba wenye nguvu ambao kazi yao yote ilikuwa kumfikisha yeye. Walimkingia upepo, walimletea maji, walimvuta milimani. Kushinda wenyewe hawakuwahi kufundishwa, kwa sababu hakukuwa na haja. Alipoondoka walibaki kama wapagazi saba wasio na mzigo, wanatembea tu na mikono yao.

Halafu ikaja Jumapili. Zikiwa zimebaki kilomita tisa, mbele kabisa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa Chupa wa jezi nyekundu, aliyepewa jina hilo kwa sababu miaka sita alikuwa mbeba maji wa Jogoo. Jogoo naye alikuwa kwenye hao wanne, na jezi yake ya kijani. Tairi lake la mbele likapata pancha. Akainua mkono juu, kama alivyozoea. Na Chupa, kama alivyozoea, akafunga breki, akashuka, akachomoa gurudumu lake la mbele, akampachikia, akamsukuma mgongoni mpaka akashika kasi. Waamuzi walipita na pikipiki yao, wakaona, wakaendelea na safari. Kanuni inakataza kumpa mpinzani gurudumu, lakini macho yao yalikuwa yameshaizoea picha ile. Jogoo alishinda. Dereva alipofika na gari alimkuta Chupa kando ya barabara, amekumbatia gurudumu lenye pancha, ana uso wa mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Kocha alikuwa amesema wazi: asipopatikana kiongozi ndani ya timu, ataletwa mtu kutoka nje, na mtu akija lazima mwingine atoke. Nani atatoka, hakuna aliyehitaji kuuliza. Chupa ni mdogo wake mke wa Fundi. Fundi ndiye aliyempeleka kwenye timu, akamdhamini kwa mdomo wake. Tangu Jumapili mkewe alikuwa akimwekea sahani mezani bila neno, na Fundi angependa zaidi agombezwe.

Chupa mwenyewe alikuwa hapohapo. Alifika kumepambazuka, hakuitwa na mtu, akageuza ndoo na kuikalia, akaanza kusafisha cheni za baiskeli za wenzake. Benchi lilimjadili kama vile ni marehemu wa mbali.

Karani ndiye aliyefungua kikao.

– Tatizo la timu hii ni kutegemea mtu mmoja. Ofisini kwetu mkuu wa masjala alipohama, hatukuweka mwingine. Tuliweka zamu. Kila mtu mkuu kwa siku moja, kwa kufuata alfabeti.

– Ikawaje? akauliza Dereva.

– Ikawa amani tupu. Hakuna aliyegombana na mtu miaka miwili.

– Na mafaili?

Karani akanywa kahawa kwanza.

– Mafaili yalipotea. Lakini mimi nazungumzia amani.

Akaendelea kueleza kwamba waendeshaji nao wapewe zamu, tena ikiwezekana wabadilishane katikati ya mbio, kila baada ya kilomita ishirini, kwa kusaini. Dereva akauliza watasaini wapi na wao wako kwenye mwendo. Karani akasema hayo ni mambo ya utekelezaji, yeye anashughulika na sera.

Kinyozi alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo, taratibu, kama anayemhurumia mtu.

– Jamani, kichwa cha Jogoo nilikinyoa mimi miaka sita. Mnajua upepo unapita wapi? Kichwani. Ukiona mtu anashinda, tazama kisogo chake.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo walete wote saba, niwanyoe vilevile alivyonyolewa Jogoo. Kwanza upepo utapungua. Pili, adui akitazama mbele ataona Jogoo saba. Atakata tamaa.

– Na Jogoo mwenyewe? Si bado yuko na kisogo chake?

– Nywele zinaota, bwana. Na kule alikohamia hawajui kunyoa. Mpeni mwezi mmoja.

Fundi alikuwa anazungusha pedali ya baiskeli ile pale kwenye stendi, cheni inakwenda laini, haina kosa. Ilikuwa haina kosa tangu juzi. Alikuwa ameshaifuta mara tatu. Kiti tu ndicho hakukigusa, kilikuwa bado juu kule kilikoachwa na Jogoo, mrefu yule, miguu kama ngazi. Miezi minne hakuna aliyethubutu kukishusha. Hata wakati timu ilipoleta waandishi kupiga picha, waliipiga picha baiskeli hiyo ikiwa tupu.

Dereva akashusha sauti, jambo ambalo hufanya pale tu anapotaka wa ng'ambo ya barabara wamsikie.

– Nyie mnacheza. Dawa ninayo mimi, ipo kwenye gari. Redio.

– Redio gani?

– Si wote wana vipokezi masikioni? Mimi ndiye ninayezungumza nao. Sasa nawaambia hivi: jamani kazeni, Jogoo yuko nyuma, anakuja, mfungulieni njia. Watakaza. Hawa watu hawajui kukaza kwa ajili yao, lakini kwa ajili ya Jogoo wanaweza kupasuka mapafu. Watakaza, watakaza, wakija kushtuka wamevuka mstari wa mwisho. Tumeshinda.

Vikombe vikasimama njiani kuelekea midomoni, kwa heshima. Dawa hiyo ilikuwa na akili ya kutisha. Hata Fundi alisimamisha pedali.

– Ina kasoro moja, akasema Kinyozi.

– Ipi?

Kinyozi akaelekeza kidevu kwenye ndoo.

– Huyu atasimama amngojee.

Wakacheka wote watatu. Chupa naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, akaendelea na cheni yake. Fundi hakucheka. Kilichomuuma ni kwamba Kinyozi alikuwa amesema kweli. Jana usiku Kocha alimsimulia kwamba aliwapa vijana vikaratasi, kila mmoja aandike jina la mtu ambaye yuko tayari kumfanyia kazi. Saba waliandika. Wawili waliandika Jogoo. Wanne waliandikana wenyewe kwa wenyewe, hakuna kati yao aliyepata kura mbili. Kimoja kilirudi na maneno haya: yeyote mtakayemchagua, mimi nipo. Hakikuwa na jina, lakini Fundi anaujua mwandiko wa shemeji yake, kwa sababu ndiye aliyewaandikia kadi zote za harusi.

Karani alikuwa amerudi kwenye zamu zake, safari hii akipendekeza na kamati ndogo ya kusimamia zamu, alipofika muuguzi mmoja anakokota baiskeli ya kapu, tairi la nyuma limelala. Alikuwa bado na sare, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, ana njaa ya usingizi. Akasalimia, akaomba asaidiwe upesi. Fundi alifurahi kupata kazi yenye jibu. Akageuza baiskeli, akatoa mpira, akautumbukiza kwenye beseni la maji kutafuta tundu.

Hakukuwa na pa kumkalisha mgeni. Waliokalia benchi walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aonyeshe uungwana. Aliyeinuka ni Chupa.

– Kaa hapa, dada.

Muuguzi akakaa kwenye ndoo, akashukuru. Chupa akammiminia mgeni kahawa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasimama kando ameshika cheni. Muuguzi akaitazama ile nyekundu kwenye stendi, akasema ni nzuri, akauliza ni ya nani.

– Ya Jogoo, akasema Dereva.

– Anakuja kuichukua?

– Alishahama.

– Basi sasa ni ya nani?

Dereva akaweka kikombe chini, kwa sababu swali hilo lilihitaji mikono yote miwili. Akamsimulia yote, tangu miaka sita mpaka Jumapili, akatia chumvi palipohitaji na pasipohitaji. Mkono ulivyoinuliwa. Gurudumu lilivyochomolewa. Pikipiki ya waamuzi. Akafika kwenye kumbatio la gurudumu bovu, akaliigiza kwa kukumbatia birika, Kinyozi akacheka upya kana kwamba hajawahi kusikia. Muuguzi hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa anayeeleza maumivu mahali pasipouma.

– Huyo Chupa ndiye huyu aliyenipisha?

– Ndiye.

Akamgeukia.

– Kaka, samahani. Usingesimama, ungekuwa wa ngapi?

Chupa akaizungusha cheni mkononi. Akamtazama Dereva, kama anayesubiri aambiwe kwenye redio. Dereva akatazama kikombe chake. Karani akatoa kalamu moja, akairudisha, akatoa ya pili. Kinyozi akajipapasa kisogo. Siku nne walikuwa wamemshambulia, wamemtetea, wamemwonea huruma, wamemtungia na vichekesho vitatu, na swali hilo halikupita hata mlangoni kwao.

– Walikuwa wanne mbele, akasema Fundi polepole, mpira unamchuruzikia maji mkononi. Dereva, wale wawili wengine walimaliza wa ngapi?

– Wa kumi na kitu. Walikuwa wamekwisha, wanaendesha na meno.

– Na Jogoo ana pancha.

– Jogoo ana pancha, akakubali Dereva, kwa sauti ya chini, na safari hii alikuwa hataki kusikika.

Hesabu ikabakisha mtu mmoja tu. Dereva akainamisha birika kwenye kikombe chake, likatoa matone mawili na machicha. Kwa kawaida hapo ndipo kikao hufungwa na kila mtu kwenda kwake, lakini hakuna aliyeinuka.

Fundi akapaka solusheni, akabandika kiraka, akakibana kwa dole gumba huku anawaza. Miaka sita alikuwa amezitengeneza baiskeli za wale saba, na zote alizipima kwa namna moja: gurudumu liwe linaingia kwenye baiskeli ya Jogoo bila kukwama. Urefu wa kiti cha Chupa, cha shemeji yake, cha mtu aliyekula kwake kila Ijumaa, alikuwa anaukisia kwa jicho. Aliona aibu, na aibu hiyo hakuwa na wa kumgawia.

Akampa muuguzi baiskeli yake ikiwa imejazwa upepo. Muuguzi akashukuru, akasema anakwenda kulala, akaondoka bila kujua alichokifanya. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Fundi akafuta mikono, akachukua spana, akalegeza nati ya kiti cha Jogoo. Ilikuwa imekaza kweli, ikalia kidogo ilipoachia. Kiti kikashuka.

– Fundi, akasema Karani, Kocha kaafiki? Kuna maandishi?

Fundi alitia spana mfukoni. Aliiteremsha baiskeli kutoka kwenye stendi, akaiegemeza ukutani, akaishika.

– Shemeji, panda nikupime.

– Mimi?

– Panda. Kocha anakuja.

Chupa aliiweka cheni chini taratibu, akajifuta viganja kwenye suruali, akapanda kama anayepanda kitanda cha watu. Fundi akachuchumaa na futi yake ya kamba, akapima kutoka kitini hadi pedalini, akapandisha kiti kidogo, akapima tena. Mguu ulinyooka vizuri. Akakaza nati, mara ya kwanza, mara ya pili, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote ili yeyote atakayetaka kuilegeza apate taabu. Mwisho wa mtaa gari la Kocha lilikuwa linakata kona.

– Shika usukani. Inama. Tazama mbele.

Chupa akashika, akainama, mgongo ukalala sawasawa. Kisha shingo ikageuka, akatazama nyuma ya bega lake la kushoto, kule alikozoea kumtazamia mtu miaka sita.

– Shemeji, akasema Fundi, nyuma hakuna mtu.

Chupa akaitikia kwa kichwa, akageuka kutazama mbele. Halafu akachungulia tena nyuma, kuhakikisha.