Ua la Mlimani la Fundi Kasereka

Waombolezaji wenzetu, majirani wa Kisugu na ndugu mliotoka mbali, familia imeomba msikie kwa kifupi njia aliyoipita mpendwa wetu Augustin Kasereka, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Mutwanga, Kongo, chini ya mlima wa theluji wa Ruwenzori, akiwa mtoto wa tatu wa kiume, ndiyo maana, kwa desturi ya kwao, akaitwa Kasereka, akasoma shule ya misheni hadi 1945, akajifunza useremala kwa baba yake, na vita vilipomkuta mwaka 1964 alivuka mpaka na randa na msumeno tu, akaanza kazi hapa Kampala. Tarehe 5 Februari 1966 alifunga ndoa Nsambya na Joska Anena, wakajaliwa Séraphine na Hippolyte.

Mkataa kwao ni mtumwa, naye kwao hakukukataa kamwe. Alimkumbuka sana mama yake, akalikumbuka na ua jeupe la kule juu mlimani kwenye baridi, ambalo hata likikauka halipotezi umbo, na ambalo mama huyo aliliweka kwenye kaburi la mumewe. Mwaka 1973 alikwenda kumzika mama, akazuiwa mpakani, kwa sababu ambazo nyote mnazijua na leo hatuzitaji, akarudi na meno mawili pungufu, akasema kama yeye hawezi kwenda mlimani, basi ua lije kwake, ili siku akifa asilale kama mgeni.

Mbegu aliletewa na wachuuzi wa Kasindi, kule mpakani. Za kwanza alizitilia samadi na maji mengi kama mchicha, zikaoza, za pili zikaungua na jua, mpaka alipopanda kwenye debe la kokoto na mchanga, kivulini, na mche ukashika. Ukakaa miaka minne bila kuchanua, majirani wakauita mboga ya Kongo isiyoliwa, na alipoambiwa mvumilivu hula mbivu, alicheka kuliko wao, kisha akaenda kuutazama tena.

Mei 1978 figo zilimwangusha, akalazwa hospitali ya Nsambya. Séraphine alimpelekea habari kwamba mche umetoa tumba la ua, naye akamshika mkono akamshukuru, akasema anajua mgonjwa hubembelezwa kwa maneno matamu. Alifariki Jumapili tarehe 9 Julai, alfajiri.

Jana, akina mama walipokuwa wakisafisha kiwanja kwa ajili ya msiba, jirani yetu Mama Acen aling'oa mche ule akidhani ni gugu. Joska aliukuta kwenye takataka, mizizi juu, na kileleni ua moja jeupe, limefunguka nusu. Hakumgombeza mtu, aliketi pale chini akalia kilio alichokizuia tangu Jumapili, kisha akaurudisha kwenye debe, na debe hilo tunakwenda nalo makaburini.

Tunawashukuru madaktari na masista, mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili, majirani wote, na Mama Acen pia, ambaye hana deni kwetu.

Fundi, mwanao hakukubembeleza, ua limechanua. Pumzika kwa amani.