Bi Dunia na Mfereji wa Nyuma ya Vyoo

Amefundisha hapa miaka thelathini na mmoja, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Dunia anakabidhi chaki. Karani aliniambia niandike mistari mitano ya kumuaga. Mistari mitano haimtoshi hata viatu! Mimi mtunza bustani niliishia darasa la tatu, lakini hakuna anayemjua kuliko mimi, na anayebisha aje bustanini tubishane.

Alikuja msichana mwembamba mwenye furushi la ramani lililomzidi kimo. Ramani zile nilizipigilia ukutani mimi, na mpaka leo hakuna hata moja iliyopinda. Somo lake ni uraia wa dunia: mtoto ajue kwamba anachofanya hapa kinamgusa mtu asiyemwona. Walimu wenzake walicheka. Mwalimu wa hesabu alimtania kila asubuhi, "Dada, dunia haijambo?" Naye alimjibu, "Haijambo, inauliza madaftari utasahihisha lini."

Sasa kisa cha mfereji, maana wengi wanakisimulia vibaya. Mwaka wake wa pili aliwauliza kidato cha kwanza maji ya mvua yanayopita nyuma ya vyoo vyetu yanakwenda wapi. Basi akawatoa watoto arobaini, wakaufuata mfereji kwa miguu. Nilibaki nacheka, kwa kuwa taka zote za shule nilikuwa nikizimwaga mle, mvua inanimalizia kazi.

Saa nane wakarudi na makopo yetu ya rangi, na maboksi ya chaki yenye mhuri wetu. Vyote vilikuwa vimetua kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo bondeni. Huko walimkuta mtoto wa kike wa darasa la pili, kikapu mkononi, anaokota taka zetu ili wenzake wapate pa kuchezea. Ilikuwa zamu yake.

Niliwaka! Nikamwambia Bi Dunia, "Mwanangu, wale ni majirani tu. Dunia yenyewe ndiyo hii?"

Akasema, "Ndiyo hii, baba. Inaanzia pale taka zako zinapotua."

Siku nne sikumsalimia. Siku ya tano nikachimba shimo la taka, na shimo zuri kama lile sijaliona popote. Jumamosi nikashuka bondeni na wanafunzi wake kusafisha uwanja wa watu. Toroli saba nilisukuma peke yangu.

Tangu hapo kila kidato cha kwanza hufuata mfereji, kisha huandikia shule za nchi nyingine kuuliza maji yao yanakwenda wapi. Majibu yamejaa makabati mawili. Makabati nimeyatengeneza mimi.

Mwezi uliopita tukasikia kwamba akiondoka, kipindi chake cha Alhamisi kitafutwa kwa kukosa mwalimu. Bi Dunia aliingia chumba cha ramani akaanza kusoma upya barua za makabatini, moja moja. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba ufunguo wa chumba kile ninao, na kwa somo lingine hautoki mfukoni. Akanipa barua ya onyo. Wamenistaafisha mara mbili na mara zote nimerudi. Barua ndiyo itaniweza?

Jumatatu hii akaingia getini mwalimu mmoja wa kike, akaniuliza kama mfereji bado upo. Jamani, ni yule mtoto wa kikapu! Sasa anafundisha shule ileile ya bondeni, na amekubali kupanda huku kila Alhamisi na darasa lake la sita. Watoto wa juu na wa chini wataufuata mfereji pamoja! Bi Dunia aliruka mpaka miwani ikamtoka. Niliidaka mimi.

Ufunguo nimemkabidhi mgeni kwa mkono wangu. Mkuu wa shule ameomba arudishiwe barua yake. Simpi.

Ahsante, mwanangu, kwa kunishinda mara moja. Mara moja tu. Nenda ukalale mpaka jua liwe juu, ucheze na wajukuu, ule ushibe. Nyumba yako iko bondeni. Kila mvua inyeshapo na maji yakifika kwako safi, ujue tumekusalimu.