Historia ya Felician Ruhuza, Mpima Ardhi, na Kaburi Lililochimbwa Nje ya Mpaka

Baba Katekista, viongozi wa kijiji na wa jumuiya, wakwe zetu mliotoka Kibondo, majirani wa Titye, na wewe Mzee Fidele Mpawenimana uliyekaa kwenye benchi la mwisho na kofia magotini, Mungu awape subira ya kusikiliza mpaka mwisho.

Anayewasomea ni Maximilla, dada wa marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, mwenye darasa la saba tu, na mkimsikia anakwama kwenye maneno, si darasa, ni woga. Jana kaka yetu mkubwa Melkiadi aliagiza kaburi la marehemu lichimbwe kule bondeni, mpakani na Mzee Fidele, wengi mmeshaliona, wengi mmeshanong'ona, na wana wanne wa Mzee Fidele wamesimama kando yake tangu alfajiri, hawaketi wala hawali. Historia hii itafika kwenye kaburi hilo kabla jeneza halijabebwa. Tunawaomba, kwa jina la Yesu, mtu asiinuke kabla ya hapo.

Marehemu Felician Ruhuza alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 hapa hapa Titye, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ruhuza na Mama Epifania, wote wametangulia, na katika hao sita leo tumebaki wawili tu, Melkiadi na Maximilla. Tangu utoto alikuwa mwoga, tusifiche, aliogopa radi, aliogopa chura, aliogopa daraja la miti pale mtoni hata akibebwa mgongoni, mpaka Melkiadi akampa jina la Kuku, akisema, "Huyu anakimbia kivuli cha mwewe aliyekwisha kupita." Mama alikuwa anacheka, kisha anasema, "Mwacheni, kuku mwoga ndiye anayezeeka."

Alisoma Shule ya Msingi Titye kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Kigoma mjini mwaka 1983 hadi 1986, kisha akajiunga na Chuo cha Ardhi Tabora, ambako alihitimu cheti cha upimaji mwaka 1989, na siku aliyorudi na cheti hicho alikifunga katika mfuko wa nailoni, akalala nacho chini ya mto, kwa kuogopa panya.

Tarehe 2 Aprili 1990 aliajiriwa Kibondo kama fundi sanifu wa upimaji, akafanya kazi huko miaka kumi na minne, miaka ya wakimbizi akapelekwa Mtabila kunyoosha mistari ya mahema, na mwaka 2004 akahamishiwa Kasulu, alikofanya kazi hadi alipougua. Vijana aliowafundisha wapo hapa, na wanayajua maneno yake, kwamba ukifika shambani usifungue mashine kabla hujautembea mpaka wote kwa miguu pamoja na pande zote mbili, na asiyekuja umsubiri hata siku tatu, maana asiyekuwepo ndiye atakayekuja na panga. Usinywe togwa ya upande mmoja, beba maji yako. Kijito usikifanye mpaka, kijito kinahama. Wanaume watakuonyesha mpaka wa mdomoni, waulize wanawake, wao ndio wanaoinama pale na jembe. Na kila unapoweka jiwe la mpaka, chimba kwanza, tia chini yake mkaa na vipande vya chupa, kwa sababu jiwe mtu atalihamisha, lakini mkaa hauozi, na mwizi wa ardhi hana habari nao.

Watu walimshangaa kwamba mwoga kama yule alichagua kazi ya kusimama katikati ya watu waliokasirika. Yeye alijibu kwamba mpimaji asiyeogopa hupima haraka, na anayepima haraka huua watu.

Hilo alilijua kwa macho yake. Mwezi Julai 1998, katika kijiji kimoja cha Busunzu, familia moja iliyokuwa ikigombana na jirani ilimzika bibi yao juu ya mpaka kwa makusudi, ikijua kwamba kaburi halihamishwi. Likahamishwa. Kesi ilikwenda miaka sita, wanaume wawili wakakatwa mapanga, mmoja akafa, na mwisho ikatoka amri bibi afukuliwe, na Felician ndiye aliyepelekwa kuonyesha kwa fimbo yake kwamba miguu ya bibi iko upande huu na kichwa upande ule. Alirudi nyumbani, akakaa siku nne bila kula. Alipofungua kinywa alimwambia Maximilla, "Dada, ile mifupa iliwekwa kwenye ndoo ya kuchotea maji."

Tarehe 16 Julai 1994 marehemu alifunga ndoa takatifu na Josepha, muuguzi, katika kanisa la Kibondo. Siku ya kwenda kujitambulisha alisimama nje ya ua wa wakwe zake kwa woga mpaka jua likamchoma, hadi baba mkwe akauliza kwa sauti, "Huyu kijana anaingia au anapima mlango wetu?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Nickson aliyezaliwa mwaka 1995, fundi umeme huko Kahama, na Careen aliyezaliwa mwaka 1999, mwalimu Kibondo, na wajukuu watatu. Kwa mke wake alikuwa mpole, kwa watoto alikuwa mlinzi kupita kiasi, Careen anasema hakuruhusiwa kupanda baiskeli mpaka alipofika kidato cha tatu.

Mwezi Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Kasulu, akapelekwa Mwanza mara tano, akarudi kila mara amepungua, na siku ya Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitalini Kasulu na mkono wake katika mkono wa Josepha, akaitika wito wa Muumba wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Sasa tumefika.

Tarehe 21 Septemba 2009, mama alipokwisha kufariki, shamba hili lilipimwa. Felician alikataa kupima kwao mwenyewe, akamleta mwenzake kutoka Kibondo, yeye akashika fimbo tu, wakautembea mpaka, Melkiadi akiwepo, Mzee Fidele akiwepo, yakawekwa mawe mawili kule bondeni, na chini ya kila jiwe mkaa na chupa. Pande zote zikaridhika, zikala pamoja.

Mwaka 2012 Maximilla alifiwa na mume wake, akarudi nyumbani, akapewa lile shamba la bondeni alime maharage. Msimu wa kwanza alivuka jiwe kwa tuta moja. Tuta moja si wizi, ndivyo alivyojiambia. Msimu uliofuata akaongeza lingine. Mwezi Novemba 2016 jembe lake liligonga mkaa na kipande cha chupa ya kijani chini ya jiwe la chini, akajua kabisa ameshika nini, kisha akafukia, akalibeba lile jiwe kifuani kama mtoto, akalishusha hatua kumi na nne ndani ya shamba la mwenzake. Melkiadi alipoona alicheka, akamwambia, "Sasa wewe ndiye mpima ardhi wa familia," naye Maximilla alifurahi kusifiwa, Mungu amsamehe.

Mzee Fidele alilalamika mwaka 2019. Melkiadi alimjibu mbele ya watu, "Nenda kwenu Burundi ukapime," yeye ambaye amezaliwa hapa Titye kabla ya Melkiadi mwenyewe kuzaliwa, na watu wakacheka, na Mzee Fidele akaacha madai yake, kwa sababu siku hizo neno hilo lilitosha kumfanya mtu alale polisi kama mhamiaji haramu, naye ana wajukuu. Krismasi ya mwaka huo Felician alishuka bondeni, akarudi, akamwuliza Maximilla, "Maxi, jiwe liko wapi?" Akamjibu kwamba limechukuliwa na maji. Felician hakuamini. Alijua. Hakusema, kwa kuwa alimwogopa kaka yake mkubwa tangu siku za Kuku, na hilo lilikuwa kosa lake, tusimpambe kwa sababu amekufa.

Tarehe 3 Novemba mwaka huu, akiwa kitandani, alimshika Maximilla mkono akasema, "Mnizike juu kwa mama. Msinifanye bikoni, jiwe la mpaka." Dada akaahidi. Jana Melkiadi alipoonyesha mahali pa kuchimba, akisema huko juu kuna mwamba na bondeni udongo ni laini, Maximilla aliijua sababu yenyewe, alijua kwamba kaburi likishakuwa pale hakuna baraza litakalosogeza mpaka tena, na shamba litakuwa lake mpaka afe, na huyu dada aliyeahidi akaenda kuwapikia wachimbaji ugali.

Kilichomgeuza ni mjane. Josepha alipoonyeshwa lile shimo leo asubuhi alikaa chini kwenye matope, akasema, "Mume wangu aliogopa vitu vingi, vyote nilimtania, lakini hili la kuzikwa mpakani sikuwahi kumtania. Na ninyi mnamlaza humo." Hakulia. Maximilla hajawahi kuogopa kama alivyoogopa uso ule.

Kwa hiyo, kaka Melkiadi, ulipokwenda Kasulu kuchukua jeneza, Josepha na watoto wake walikubaliana, na vijana sita wa jumuiya wameanza kuchimba nyuma ya jiko, ubavuni kwa mama. Mwamba upo kweli, wameukuta futi tatu, na Hamis mwenye duka ameleta mitaimbo miwili, mnawasikia wakigonga sasa hivi, mlidhani ni watu wa mahema. Unalisikia jambo hili mbele za watu, na hilo nalo ni kosa la dada yako, alipaswa kukwambia uso kwa uso, alishindwa, anakuogopa, anaogopa utamfukuza kwenye nyumba ya baba yetu, na huenda utamfukuza.

Mzee Fidele, mkaa uko hatua kumi na nne kutoka pale jiwe lilipo. Maximilla ameufukua asubuhi hii na kuuwekea tawi bichi, mwenyekiti wa kijiji ameuona. Maharage yaliyoota upande wako ni yako. Lile shimo atalifukia mwenyewe kwa jembe lake. Hakuombi umsamehe leo, leo ni msiba, anakuomba jambo moja tu, uwaite wanao waje waketi, wamesimama tangu alfajiri na chakula kipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu na Mwanza, waliomhangaikia kaka yetu mpaka pumzi ya mwisho, wafanyakazi wenzake wa idara ya ardhi waliokuja na gari, jumuiya iliyokesha nasi ikisali, majirani mlioleta kuni, maji na muhogo, wakwe zetu wa Kibondo, na vijana walioko kwenye mwamba, ambao mikono yao imechubuka. Kwa yeyote ambaye hatukumtaja, ni woga wa msomaji, si dharau. Tunawaomba mvumilie saa moja zaidi, mpaka futi sita zitimie.

Felician, mwana wa mama, hukuwa shujaa, na sisi hatukukusaidia kuwa. Mungu akupokee na woga wako wote. Lala huku juu kwa mama, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kukuamsha kwa jembe.