Bu Murtiningsih na Mlango wa Kusini

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2031, Bu Murtiningsih, Mama Murti au Bu Murti kwetu sote, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi ndani ya jengo moja tu. Wamiliki wa jengo hilo wamebadilika, na shughuli zake zimebadilika kabisa. Alilikuta ghala la sukari. Analiacha kituo cha usafiri ambako teksi za angani hutua juu ya paa na mabasi ya umeme hupakia abiria chini. Ambaye hakubadilika ni Bu Murti mwenyewe. Alikuja na sauti kubwa, na anaondoka nayo.

Ofisi ya utumishi iliniomba mimi, fundi wa karakana ya kituo, niandike wasifu mfupi, wenye furaha, usio na jambo la kuwakwaza wageni. Furaha itakuwemo. Hilo la mwisho sikuliahidi, kwa sababu ukiondoa kwenye maisha ya Bu Murti yote yaliyomkwaza mtu, utabaki na tarehe ya kuajiriwa na saizi ya sare.

Aliajiriwa akiwa msichana, karani wa mizani, hapa hapa ukingoni mwa mto Kalimas. Enzi hizo magunia yaliingia kwa mlango wa mto na kutoka kwa mlango wa kusini unaotazama mtaani. Chini ya baraza ya mlango huo wa kusini ndipo madereva wa becak, zile baiskeli za magurudumu matatu za kubeba abiria, walipojikinga na jua wakisubiri abiria, na becak ndiyo iliyomleta Bu Murti kazini siku ya kwanza: yeye kakaa mbele, dereva anakanyaga pedali nyuma. Dereva huyo, Cak Dulmanan, alisimama njiani akashuka kula lontong, wali uliopikwa ndani ya majani, akamwacha abiria wake kitini juani. Bu Murti alifika kazini amechelewa na akamgombeza pale mlangoni mpaka wapagazi wakatua magunia ili wasikilize vizuri. Kesho yake Cak Dulmanan alisimama tena palepale, ila safari hii alinunua sahani mbili. Bu Murti hajapanda becak ya mtu mwingine tangu siku hiyo.

Sukari ilipohamia kwenye maghala mapya ya bandarini, wenzake wote waliifuata. Bu Murti alibakizwa alinde jengo tupu, na wengi walidhani ataomba uhamisho kabla ya mwezi kwisha. Alikaa miaka. Alifukuza wezi wa vigae, alifukuza popo, alimfukuza hata mpiga picha wa harusi aliyetaka bibi harusi apande juu ya mizani. Mtaa ulizoea kumsikia kabla ya kumwona.

Kisha likaja tingatinga. Mmiliki wa wakati ule alitaka kiwanja, si ghala, na alituma mashine asubuhi na mapema kabla kibali cha kubomoa hakijatoka, akijua kwamba ukuta ukishaanguka hakuna atakayeusimamisha tena. Bu Murti alitoka mlango wa kusini akapiga kelele moja tu kuelekea barazani. Madereva hawakuuliza kuna nini. Walizipanga becak zao mlangoni, gurudumu kwa gurudumu, na Bu Murti akapanda kwenye ile ya mbele kabisa, ya Cak Dulmanan, akafungua mwavuli.

"Bu, naomba usogee, niko kazini," dereva wa tingatinga alimwambia.

"Na mimi niko kazini, mwanangu. Zima hiyo mashine, tuwe kazini wote."

"Nitagombezwa na bosi wangu."

"Utagombezwa na mimi kwanza. Ushawahi kugombezwa na mimi?"

Wale wa barazani walimshauri kijana asijaribu. Aliteremka, akaletewa kahawa, na alipokuwa kwenye kikombe cha pili maofisa wa majengo ya kale wa jiji, waliopigiwa simu, wakawa wamefika. Jengo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Nataka hili lieleweke vizuri na kila anayesoma, wakiwemo waliokaa viti vya mbele leo: ukuta mnaouegemea ulikingwa na becak. Hazikuwa hati wala wanasheria. Walikuwa watu wazima wenye miguu imara, waliopoteza abiria wa siku nzima bila kuombwa mara mbili.

Kampuni yetu ilipolinunua ghala na kuanza kuligeuza kituo, Bu Murti alifanywa msimamizi wa jengo. Sharti la jiji lilikuwa kwamba kuta, nguzo za chuma na paa la vigae visiguswe, kwa hiyo jukwaa la kutulia teksi za angani lilibidi lisimame kwa miguu yake lenyewe, likipenya paa bila kulilalia. Sisi wa karakana ndio tuliochomelea miguu ile, na Bu Murti ndiye aliyesimama chini yake kila siku akituambia tunaenda kombo. Mara nyingine ni yeye aliyekuwa kombo. Akionyeshwa, alisema "haya", akaenda kumgombeza mwingine.

Tulikosea pamoja pia. Sakafu ile imenywa sukari kwa zaidi ya miaka mia, na mvua ikinyesha ghala zima hunukia kama jikoni penye sukari guru. Hakuna aliyewaza kwamba sisimizi nao wananusa. Tulipolaza nyaya za kuchajia chini, walihamia humo na ukoo wao wote, na mabasi yakalala bila chaji. Bu Murti aliagiza dawa, akapuliza mwenyewe kwa hasira. Sisimizi walirudi wakiwa wengi zaidi, na yeye akapiga chafya wiki nzima. Injinia wetu Raditya ndiye aliyekumbuka kabati la chakula la bibi yake, lililosimama kila mguu ndani ya bakuli la maji. Tukainua masanduku ya umeme juu ya stendi na kuutia kila mguu wake ndani ya kikombe cha maji. Mpaka leo wageni wakiuliza vile vikombe ni vya nini, Bu Murti hujibu kwamba ni teknolojia ya kisasa kabisa.

Sasa nifike mahali nilipoombwa niparuke.

Michoro ya mwisho ya kituo ilibandikwa ukutani, ikapendeza kweli. Teksi za angani, ambazo mtaani tunaziita kereng'ende, zilikuwa juu. Mabasi, magari na baiskeli za kukodi chini. Mlango wa kusini umepandwa maua. Mkurugenzi wetu, Pak Wiratmaja, aliuliza kama kuna maoni. Bu Murti alisogea, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Picha yenu ina miti ambayo hatuna," alisema, "ina watalii ambao hawajaja, na mbwa wa mtu wala simjui. Lakini watu waliopo pale mlangoni sasa hivi, hawamo."

"Bu, hiki ni kituo cha kisasa. Becak zitatafutiwa mahali."

"Zimeshapata mahali, Pak. Tangu kabla wewe hujazaliwa."

"Abiria anatoka uwanja wa ndege kwa kereng'ende, halafu apande becak?"

"Halafu afikeje kwake? Vichochoro vya huku basi haliingii, gari haliingii. Umrushe mtu juu ya jiji zima, kisha umwache avute sanduku kwenye matope?"

Michoro haikubadilishwa. Wiki ya ufunguzi, mkandarasi alisimamisha uzio wa chuma mlangoni pa kusini, na madereva kumi na wanane wakajikuta wako nje wakichungulia.

Siku ya ufunguzi ilikuwa na tumpeng kama desturi, wali wa manjano umesimamishwa kama mlima, na vitoweo na sambal ya pilipili vimeuzunguka. Kiai Makmur, shehe wetu wa mtaa, aliomba dua. Pak Wiratmaja alikata kilele, akakiweka kwenye sahani, na kwa kuwa sahani ya kwanza hupewa mtu wa kuheshimiwa kuliko wote, akamkabidhi Bu Murti mbele ya kamera. Watu walipiga makofi. Bu Murti aliinama, akashukuru, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Alivuka viti vya wageni rasmi. Alivuka kaunta ya tiketi. Tulidhani anatafuta pa kukaa. Alikwenda mpaka kwenye uzio wa kusini, akasimama uso kwa uso na Cak Dulmanan aliyekuwa upande wa pili.

Akajaribu kupenyeza sahani. Haikupita.

"Fungueni," alisema, kwa ile sauti. "Sahani haipiti."

Mnajua ilivyo. Sahani ya kwanza ikiwa haijaonjwa, hakuna anayeanza kula. Ukumbi mzima uliketi na vijiko mkononi: wawekezaji, maofisa wa jiji, waandishi wa habari. Joto lilikuwa kali, na kuku wa kukaanga alinukia hadi juu kwenye jukwaa. Walinzi walimtazama mkurugenzi, naye akatazama maua. Bu Murti hakusogea wala hakushusha sahani, na mimi niliyekuwa karibu niliona mikono yake ikitetemeka. Nasema hivi kwa sababu watu humsifu kana kwamba haogopi. Aliogopa sana siku ile. Alibaki palepale.

Mwishowe Kiai Makmur aliinama kwenye maikrofoni. "Jamani," alisema, "dua nimeshamaliza, na mimi nina njaa."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kikafungua uzio. Cak Dulmanan aliingia, akanawa, akaketi, akala kijiko cha kwanza huku watu zaidi ya mia tatu wakimtazama.

"Vipi?" Bu Murti alimuuliza.

"Wali mzuri. Sambal yenu haina ukali."

Pak Wiratmaja ni mtu anayejua kuokoa jahazi. Alichukua maikrofoni akatangaza kwamba becak zina mahali pake mlangoni pa kusini, na kwamba muda wote Bu Murti akiwa kazini, hakuna atakayezigusa. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Uzio uliondolewa kabla vyombo havijaoshwa.

Tangu hapo mmeona wenyewe. Mama mwenye mizigo anashuka juu, anateremka kwa lifti, na becak inampeleka hadi kizingitini kwake. Mzee wa kichochoro cha nyuma anapelekwa kliniki kwa becak mpaka hapa na kwa basi kutoka hapa. Baadhi ya becak zimefungwa injini ndogo za umeme, zinachaji kwetu. Hiki ndicho kituo kinachosifiwa kwenye mikutano ya watu wazito, na kwenye picha zinazoonyeshwa huko siku hizi becak huwekwa mbele kabisa.

Lakini ahadi ile ilikuwa na mwisho wake ndani yake, na Bu Murti alilijua hilo mapema kuliko sisi. Mara mbili alishawishiwa astaafu mapema, kwa maneno matamu na kiinua mgongo kinono. Mara mbili alikataa, magoti yakimuuma, na aliposhindwa kupanda ngazi za jukwaa alisimamia kazi akiwa chini kwa kupiga kelele. Sasa umri umefika na sheria haina huruma. Leo jioni hatakuwa tena kazini. Na karakana yangu imepokea agizo: Jumatatu asubuhi tusimamishe uzio mlangoni pa kusini, tuuchomelee usifunguke, na becak zihamishiwe nyuma ya daraja la mto, mahali ambapo hata mbwa hapiti.

Bu Murti hakuambiwa. Alijua tu, kama anavyojua kila kitu. Juzi alikuja karakana, akaketi kwenye kreti, hakugombeza mtu. Tuliingiwa na hofu.

"Sugondo," aliniambia, "mimi nimemaliza. Una watoto shuleni. Fanya unachoagizwa, sitakulaumu."

Ni mara ya kwanza katika miaka yote niliyofanya naye kazi kumwona Bu Murti ameshindwa, na sikuipenda sura ile hata kidogo. Kwa hiyo jibu ambalo sikumpa siku hiyo nampa leo, kwa maandishi, mbele ya mkurugenzi, wageni na familia yake. Mashine ya kuchomelea ipo, nzima kabisa. Umeme upo. Vyuma vipo, vimeletwa jana, vimepangwa vizuri. Mikono ndiyo haipo. Tumeulizana karakana nzima, mmoja mmoja, tuko tisa, na hakuna hata mmoja atakayeishika kazi hiyo. Akiletwa fundi wa nje, atatukuta mlangoni, na tumeshakubaliana na Cak Dulmanan nani atakaa kwenye becak ya mbele. Mwavuli tunao.

Bu Murti, kampuni imekuandalia kereng'ende ikurushe hadi nyumbani leo, na nasikia umeikataa. "Nipandishwe juu," umewaambia, "ili nisione mnachofanya huku chini?" Sawa. Becak inakusubiri.

Asante kwa kutugombeza. Asante kwa kukaa na jengo lilipokuwa halina mtu, na kwa kusimama na sahani ile mikono ikikutetemeka. Tunakutakia magoti mazuri, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na sambal kali kila siku. Na Jumatatu asubuhi, ukiamka huna pa kwenda, njoo unywe kahawa nasi. Pitia mlango wa kusini. Utaukuta wazi.

Sugondo,
kwa niaba ya mafundi wote wa karakana