Dansi Isiyo na Hatua

Benchi letu ni mlango. Tuliuokota siku ukumbi wa maseremala ulipobadilishiwa milango, tukauwekea matofali chini. Kitasa chake hakijang'oka mpaka leo, kwa hiyo anayechelewa kuja ndiye anayekikalia. Liko mbele ya kibanda changu mimi mshona viatu, ambaye hapa naitwa Soli, na chumba kinachofuata ni cha Fundi wa cherehani. Ng'ambo ya barabara ndiko uliko ukumbi wenyewe, ambako kila Jumamosi mchana mama mmoja mwenye mvi na raba nyeupe anafundisha watoto dansi. Nasema anafundisha kwa heshima tu, maana hilo ndilo lililotugombanisha. Jumamosi hiyo Fundi alitoka kwake na karatasi mkononi, akakalia kitasa bila kulalamika, tukajua mambo si mazuri.

— Nani kafa? akauliza Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutusuta bure.

— Hajafa mtu. Ni fomu ya binti yangu, ya dansi. Muhula unaisha leo. Hapa pameandikwa "Anaendelea", hapa "Anaondolewa, taja sababu". Inatakiwa wakitoka saa kumi.

— Si uweke alama yaishe? akasema Kocha. Huyu aliwahi kufundisha timu ya mtaa mechi moja tu, wakafungwa tisa, timu ikavunjika, jina likabaki.

— Mimi nataka kumwondoa, mama yake hataki. Tumegombana tangu juzi mpaka akaniambia: haya, andika sababu. Ikiwa na akili, nakubali na sisemi tena. Ikiwa ya kijinga, mtoto anaendelea, na wewe ndiye utakayekuwa unampeleka.

— Na sababu unayo?

— Ningekuwa nayo ningekuja kwenu?

Hapo Wakili akatoa kalamu. Wakili hajasoma sheria hata ukurasa mmoja. Aliitwa mahakamani mara mbili kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi, na mara zote mbili alisifiwa kwa kuvaa vizuri.

— Eleza malalamiko, akasema, na fomu akaishika yeye.

— Miezi mitatu, Wakili. Miezi mitatu hajafundishwa hata hatua moja! Namuuliza, leo mmejifunza nini? Ananiambia, baba, leo tumecheza Jumatatu.

— Ni wimbo huo?

— Siku! Siku ya Jumatatu! Eti kila mtoto acheze Jumatatu yake. Wiki iliyofuata wakacheza kiti. Mwalimu anawasha muziki, anakaa sakafuni, anawaambia: nionyesheni kitu ambacho mimi sikijui. Sasa kama yeye hakijui, na mtoto hakijui, anayejua mle ndani ni nani? Mfagizi?

— Kwani yeye mwenyewe anasema anataka nini? nikauliza.

— Ubunifu. Nilimfuata nikamuuliza. Kaniambia, baba, mtoto akizoea kutafuta hatua yake mwenyewe bila kuogopa, hata kwenye hesabu hatakaa kusubiri aonyeshwe njia. Tena akikosea haachi. Anaendelea na lile kosa mpaka liwe kitu. Hebu fikiria! Mimi nikikata mguu wa suruali ukawa mfupi, niendelee na kosa mpaka liwe nini?

— Kaptula, akasema Mama Birika.

Tukacheka sana. Fundi hakucheka. Ni mtu wa chaki na rula huyu, paterni zake za karatasi amezitundika kwa ukubwa kama faili za ofisini, na kipande cha kitambaa kikizidi upana wa kucha hapati usingizi. Ana binti huyo mmoja tu. Alikuwa ameshampangia cherehani ya pili, ile ya dirishani, aanze kujifunza kazi, na saa za kujifunza kazi ndizo zilezile za dansi.

— Ana miaka kumi na moja, Fundi. Haraka ya nini? nikamuuliza.

— Basi tu, akasema, na akaanza kukwangua kucha yake.

— Hili wahenga walishalimaliza, akasema Wakili. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tafsiri yake? Hatua mbele, hatua nyuma, unarudi katikati. Dansi ilishapangwa zamani! Naandika: mwalimu anapingana na wahenga.

— Methali hiyo haihusu dansi.

— We Soli, shona viatu.

— Na samaki je? akadakia Kocha. Samaki mkunje angali mbichi. Mkunje! Hawakusema mwache ajikunje. Samaki anayejikunja mwenyewe, huyo ameshaharibika.

— Kila ndege huruka kwa ubawa wake, akasema Mama Birika huku akimimina.

— Ndege harukii ukumbini.

— Haya. Na aproni yangu hii je, Fundi? Huu mfuko wa vikombe wenye vyumba sita, paterni yake alikupa nani?

— Ile ilikuwa dharura. Ulikuwa unavunja vikombe kila siku.

— Ulikata, ukafumua, ukageuza, ukafumua tena. Mluzi ulikuwa unapiga asubuhi nzima. Sijawahi kukuona na raha vile.

— Mama Birika, mimi nimekuja kutafuta sababu, sikuja kuhojiwa.

Kocha akavuta shingo kwetu na kushusha sauti, ishara kwamba sasa anakwenda kupotea kabisa.

— Nyie mnaona dansi. Mimi naona mbali. Watoto hawa watakua. Mmoja atakuwa dereva, anafika kwenye taa nyekundu, anasema: ngoja kwanza nijisikilize. Mwingine daktari wa upasuaji. Umelala mezani, tumbo wazi, yeye kafumba macho anasubiri mwili umwambie akate wapi. Askari kwenye gwaride, kila mmoja na gwaride lake. Bibi harusi anaingia kinyumenyume. Na foleni...

— Foleni imefanyaje?

— Haipo tena! Watu wanazungukazunguka tu!

— Na mwalimu anafaidika nini hapo?

— Anastaafu, akasema Kocha, kwa uhakika ulionitisha.

— Umeona nusu, akasema Wakili. Mimi nimeona yote. Mtu asiye na mwendo maalumu hatambuliki. Shahidi hawezi tena kusema "nilimjua kwa anavyotembea". Hapo ushahidi wote umekufa, mahakama zinageuzwa maghala ya viazi. Naandika: darasa linavuruga ushahidi.

Fundi akashika kichwa.

— Mama yake akisoma hiyo, mimi na cherehani yangu tunalala nje. Jamani, mnanisaidia au mnanizika? Imebaki nusu saa!

Huruma ilituingia, kidogo. Wakili akakunja mikono ya shati na kusema basi tufanye jaribio. Kama sisi watu wazima, ambao hatukufundishwa, tunaweza kucheza bila hatua papo hapo, maana yake pale ukumbini hakuna kinachofundishwa, na sababu imepatikana, tena yenye akili. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fundi alitabasamu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa utaratibu, tukaunda kamati. Wakili mwenyekiti, Kocha mtaalamu wa viungo, mimi katibu. Ajenda zilikuwa tatu: kufungua kikao, kucheza bila mpango, na mengineyo. Tulibishana dakika kumi nani aanze kucheza bila mpango, mwishowe tukapanga zamu.

Muziki ulikuwa unatufikia kutoka ng'ambo, ngoma tupu bila maneno. Wakili akaingia: mbili kulia, mbili kushoto, piga kofi. Akarudia. Akarudia tena. Kocha akampisha, akavuta pumzi, akafumba macho: mbili kulia, mbili kushoto, piga kofi.

— Umeniiga!

— Nimebuni!

— Hiyo ni ya harusi ya dada yako, na tuliicheza wote!

— Haya, haya, mpya hii hapa.

Kocha akainua mguu mmoja. Akabaki nao juu.

— Unafanya nini?

— Natafuta.

— Unatafuta nini?

— Inayofuata.

Mguu ukaanza kutetemeka, akaushusha taratibu, akajipangusa jasho ambalo hakulifanyia kazi.

Ikawa zamu yangu. Nilisimama mbele ya kibanda changu mwenyewe, mbele ya watu wanaonijua mpaka madoa ya shati, na muziki ukapita, na mikono yangu ikaning'inia tu. Niliogopa. Sioni haya kulisema: mzee mzima, wajukuu watatu, niliogopa kunyanyua mkono kwa sababu hakuna aliyeniambia niunyanyue. Nikasema kisigino kinaniuma, nikakaa. Mama Birika alicheka mpaka akashika ukuta.

— Andika, akasema Wakili, ambaye kalamu alikuwa nayo yeye. Somo ni gumu mno kwa mtoto.

— Si ulisema ni rahisi mno, hakuna kinachofundishwa?

— Sababu ni sababu, bwana. Penye nia pana njia.

Wakati huo akavuka barabara mama mmoja tusiyemjua, mkoba wa kijani begani. Alikuwa ametokea ukumbini. Alisema amekuja kumchukua mtoto wa dada yake, ila mle ndani joto halivumiliki, akaomba kikombe kimoja. Tulimpisha mahali pasipo na kitasa. Bado alikuwa anatabasamu peke yake.

— Mna hazina mtaani kwenu, akasema. Leo mwalimu kawaambia kila mmoja acheze kazi ya mtu wa nyumbani kwake. Wengine wanafagia, wengine wanapika, wa dada yangu anaendesha lori. Lakini kuna binti mmoja mle, ana soksi nyekundu...

Fundi akainua kichwa.

— ...huyo anacheza mshona nguo. Mkononi hana kitu, lakini mkasi unausikia! Anatupa kitambaa begani, mguu kwenye pedali, kiuno kakilaza hivi upande wa kushoto. Tumecheka mpaka basi. Halafu akaanza kutia uzi kwenye sindano. Akaulamba, akausogeza, ukakosa. Akausogeza tena, ukakosa. Akatazama mlangoni asije akaonwa na mtu. Akasogea dirishani kwenye mwanga, akajaribu tena. Uso wake, jamani! Mimi nilijikuta namwombea uzi upite.

Akapuliza kahawa, akanywa kidogo.

— Nikamuuliza mwalimu, hiyo umemfundisha wewe? Akasema hajawahi kuiona. Sasa nyie ndio wenyeji, niambieni. Mtoto mdogo vile, macho yake mazima kabisa, kufanya vile kafundishwa na nani?

Kocha akajitazama miguu. Mimi nimepakana ukuta na Fundi miaka kumi na miwili. Nilikuwa nasikia cherehani ikisimama, siku hizi inasimama muda mrefu, na nilidhani anapumzika. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya kucheza.

Fundi akasimama, futi yake ikiwa bado shingoni.

— Mara ngapi? akamuuliza yule mama.

— Mara ngapi nini, kaka?

— Uzi. Anakosa mara ngapi?

— Tatu. Ya nne ndiyo inapita.

— Siku hizi napitisha ya saba, akasema Fundi. Kanisitiri.

Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

— Fundi! Fomu! Wakili akamwita. Sababu niandike nini?

Hakugeuka. Alikuwa ameshafika kwenye dirisha la ukumbi, mikono yote miwili kaizungushia uso, anasogea karibu, na karibu zaidi, mpaka paji la uso likagusa kioo, apate kuona.